Wageni Elfu Kumi na Nyongeza

Kilema, 14 Septemba 2002

Kaka Polycarp,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama naye ni mzima, ila goti linamsumbua na hataki kuambiwa apumzike. Jana nimemkuta amepanda ngazi ya dari anatafuta mkungu aliouficha uive. Nilipomgombeza akaniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa yeye.

Nakuandikia kwa sababu ukoo ulikaa mwanzoni mwa Agosti. Baba Mdogo Melkiori alisema, na wote wakakubali, kwamba kihamba cha marehemu baba, shamba la ukoo, hakiwezi kukaa miaka na miaka kikimsubiri mtu. Nyumba ya baba na migomba yake ni haki ya Vitalis, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na hilo hakuna anayelibishia. Lakini Vitalis aliondoka mwaka 1989, na kadi yake ya mwisho ilitoka Durban mwaka 1994. Wamesema atafutwe mara ya mwisho kwa tangazo la wazi. Asipojitokeza mpaka kikao cha tarehe 27 Desemba, watu wote wakiwa nyumbani kwa Krismasi, kihamba kitaandikwa jina lako. Mama atakaa humo mpaka siku zake ziishe.

Kanisani tumetangaza Jumapili tatu. Redioni pia tumetangaza. Ndipo Baba Mdogo akauliza: na ule mtandao anaotuhadithia Polycarp kila Krismasi, kwamba mtu wa Ulaya anaziona cherehani zake za Kariakoo akiwa kitandani? Nikasema nitakuuliza. Kaka, kama unaweza kuwaonyesha watu cherehani, hushindwi kuwaonyesha jina la mdogo wetu.

Mama ametoa maneno ya kuweka kwenye tangazo: "Vitalis, mama yako anakuita. Njoo hata kama huna kitu." Tafadhali usiyabadilishe. Aliyarudia mara mbili nikiwa na kalamu mkononi.

Mdogo wako,
Mektilda


Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
23 Septemba 2002

Bwana Alpesh,

Habari za kazi. Nimefika ofisini kwako mara mbili naambiwa uko Nairobi, kwa hiyo nimemwachia mlinzi barua hii.

Kwanza nikupe hongera. Wale wageni wa mtandaoni ulioniuzia kwa ajili ya tovuti ya cherehani wamenisaidia sana. Nimepata wanunuzi kutoka Morogoro na Mwanza, wote wanasema walikuwa intaneti kafe wakaona kidirisha cha duka langu kimewarukia usoni. Mmoja alikuja amenuna, anasema alikuwa anasoma barua ya mchumba wake, kidirisha kikaja kuifunika kabla hajafika penye utamu. Nikampa soda, nikamuuzia cherehani ya miguu.

Sasa nina kazi ya pili, ya familia. Nataka kidirisha chenye maneno haya, usiongeze wala usipunguze: "Anatafutwa Vitalis, mwana wa marehemu Prosper wa Kilema. Ajitokeze kabla ya Krismasi." Chini yake weka mahali pa kujibu. Nichukulie wageni elfu kumi, wale wa bei ya chini. Usinipe wale wa cherehani, wale ni ghali na hii si biashara. Ninachohitaji mimi ni namba. Ikifika elfu kumi nichapie karatasi inayoonyesha kaunta, upige na muhuri wa ofisi, maana wazee wetu wanapenda muhuri.

Na nyongeza yangu usiisahau. Mimi nikiuza dazeni ya nyuzi natoa moja juu. Mtu akinunua jumla Kariakoo akaondoka bila nyongeza, basi kaibiwa.

Polycarp


Mtaa wa Jamhuri, Dar es Salaam
26 Septemba 2002

Mzee Polycarp,

Shikamoo. Nimerudi jana, barua nimeipata. Nitakueleza kama ambavyo ningemweleza baba yangu Rajnikant, maana yeye ndiye aliyenituma kwako mara ya kwanza.

Hawa wageni mimi nawanunua jumla nje, nawauza rejareja hapa. Wa bei ya chini ni watu kweli, sikuuzii hewa. Lakini ni watu wa popote. Mtu yuko Brazili anatafuta mapishi, anafunga ukurasa, nyuma yake anakuta kidirisha chako. Hajui Kiswahili, anakifunga. Kaunta imeshahesabu mmoja. Kwa kutafuta ndugu, ningekushauri uchukue wale wale wa cherehani: watu wanaosoma kurasa za Kiswahili, walioko Dar, Nairobi, Mombasa, na Wabongo walioko nje. Wachache, lakini wanasoma.

Nilikupigia jana jioni kukwambia hayo, ukasema ni wale wa bei ya chini tu na nisikuchoshe. Sawa, pesa ni yako. Nimeshaagiza.

Kuhusu nyongeza, wageni wa bei ya chini wanakuja kwa maelfu yaliyofungwa, siwezi kuchomoa mia hapa mia pale. Ila najua nikikunyima utakuja kukaa ofisini kwangu mpaka saa ya kufunga. Nimekuwekea mia tano kutoka kwenye mabaki niliyonayo hapa.

Kijana wako,
Alpesh


Kariakoo, 12 Oktoba 2002

Mwalimu Mektilda,

Marahaba. Nimefurahi mama ni mzima. Mwambie akipanda ngazi tena nitakuja kuichoma.

Kazi mliyonituma nimeifanya, tena nimeifanya kwa gharama yangu. Tazama karatasi niliyoambatisha. Unaona namba pale juu, karibu na muhuri? Watu elfu kumi, mia tano na tatu. Hao wote kidirisha chenye jina la Vitalis kiliwatokea mbele ya macho, hata kama hawakutaka. Hakuna kanisa Kilimanjaro nzima linalojaza watu elfu kumi. Msomee Baba Mdogo namba hiyo taratibu, aielewe.

Hakuna aliyejibu. Inaniuma kukuandikia hivyo. Huyu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni kwenda mtoni. Lakini mtu aliyeitwa mbele ya watu elfu kumi asiitike, ama hayupo duniani ama hataki kuitika. Yote mawili sisi hatuyawezi.

Yale maneno ya mama hayakuingia yote, dirisha lenyewe ni dogo kama karata. Nimeweka ya maana.

Kaka yako,
Polycarp


Kilema, 26 Oktoba 2002

Kaka Polycarp,

Shikamoo. Karatasi nimeipata na Baba Mdogo ameiona. Ameiweka ndani ya Biblia yake. Anasema hajawahi kuona mtu ametafutwa namna hiyo.

Mimi nina swali, uniwie radhi. Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu, namba ikiniambia jambo huwa naiuliza tena. Tulipotangaza redioni walijitokeza akina Vitalis wanne wa uongo. Mmoja alikuwa na umri wa kunizaa. Mwingine alitaka nauli atumiwe kwanza. Kanisani, watu mia sita, alitokea bibi aliyeapa amemwona Arusha anauza viatu. Watu wakitangaziwa, lazima atokee mmoja wa kusema uongo. Sasa wewe umetangazia elfu kumi na hakutokea hata tapeli? Ni watu gani hao? Wako nchi gani? Wanajua Kiswahili?

Jambo la pili. Jumanne lori lilileta mifuko themanini ya saruji, limeishusha barazani kwa mama. Alhamisi akaja fundi na kamba, akapima kutoka mlangoni mpaka kwenye kaburi la baba, mama akiwa amekaa pale pale anamenya ndizi. Alimuuliza anapima nini. Akajibu, "Mzee Polycarp amesema nyumba ya zamani itaondoka." Mama aliziacha ndizi pale pale. Usiku ule hakula.

Kikao ni tarehe 27 Desemba, kaka. Leo ni Oktoba. Nimeingiwa na hofu ambayo siitaki.

Mektilda


Kariakoo, 5 Novemba 2002

Mektilda,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitairudia.

Unaniuliza mimi maswali ya darasani? Nani alimtibu baba miaka miwili? Nani alinunua jeneza, nani alilisha watu matanga mazima? Goti la mama linapelekwa hospitali kwa hela ya nani? Huyo Vitalis ametuma nini tangu aondoke? Kadi moja yenye picha ya bahari!

Wewe una mahali pako kwa mumeo. Yeye ana kihamba cha baba bila kutoa jasho, kwa kuwa tu alizaliwa wa mwisho. Mimi cha kwangu nilikiuza mwaka 1992, biashara zilipofunguliwa, ndicho kilichofungua duka hili mnalolitegemea wote. Watu wa hapa wananiita mzee, wananiita bosi. Lakini nikifa kesho, unajua nitazikwa wapi? Kinondoni. Nitazikwa Kinondoni kati ya watu nisiowajua, Mchaga mzima, na wanangu wakiulizwa kwao ni wapi watataja kituo cha basi. Naamka usiku nalifikiria jambo hilo. Nimetimiza miaka hamsini na mbili na presha inapanda.

Saruji ikae pale pale. Nitakuja tarehe 23.

Polycarp


Kilema, 11 Novemba 2002

Ndugu Alpesh,

Habari za kazi. Hunijui. Mimi ni Mektilda, mdogo wake Polycarp wa Narung'ombe. Sanduku lako la barua nimelikuta kwenye muhuri wa karatasi aliyotuletea kaka, inayohusu tangazo la mdogo wetu Vitalis.

Nakuomba unisaidie mambo mawili tu. Wale watu elfu kumi na mia tano walikuwa watu wa wapi? Na je, ni kweli hakuna hata mmoja aliyejibu? Sina nia ya kukugombanisha na mteja wako. Nina mama mwenye miaka sabini na nane ambaye kila gari likisimama barabarani ananituma nikatazame.

Barua nimempa dereva wa basi ili isichelewe. Ukijibu, mpe yeye yule.

Wako,
Mektilda


Mtaa wa Jamhuri, 20 Novemba 2002

Mwalimu Mektilda,

Shikamoo. Barua yako imekaa mezani siku nne, nikiwaza kama ni haki kumjibu mtu kuhusu kazi ya mteja mwingine. Nikaona wewe ni dada mtu, na mengi ya haya bila shaka umeshayasikia kwa Mzee Polycarp.

Wale elfu kumi walikuwa wa nchi za mbali na sidhani kama kuna aliyejua kusoma tangazo. Nilimshauri mzee achukue wanaosoma Kiswahili, kama alivyofanya kwa cherehani, akakataa. Lakini alidai nyongeza. Nilikuwa na mabaki ya wale wageni wa cherehani, watu wa kafe za hapa Dar na jirani, nikampa mia tano kutoka humo. Sikumwambia ni wa aina gani, naye hakuuliza. Nyongeza huwa haiulizwi.

Katika hao mia tano walijibu watatu. Wawili walikuwa wahuni, wakitaka hela. Wa tatu alikuwa yeye mwenyewe, Vitalis. Aliandika tarehe 2 Oktoba kutoka kafe ya Ilala, akataja jina la babu yenu na kovu la Mzee Polycarp kwenye kiwiko. Nilichapa jibu hilo nikalipeleka dukani kwa mkono wangu tarehe 4. Mzee alilisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Nilidhani ni furaha.

Kwa kuwa yeye hajui kuandika kwa kompyuta, alinisomea maneno ya kumjibu, mimi nikayapiga chapa na kuyatuma. Nakala ninayo: "Ndugu Vitalis, nashukuru kujua uko hai. Mama alifariki mwaka 1998 akikutaja. Kihamba kimeshagawanywa. Usijisumbue kuja, watu wana uchungu na wewe. Kaka yako." Sikupenda ukali wake, lakini mambo ya ndugu wageni hatuyaingilii.

Naomba niitumie nafasi hii kukupa pole ya mama. Najua ni miaka minne sasa, lakini pole haichelewi. Sikuelewa vizuri pale ulipoandika kwamba una mama wa miaka sabini na nane. Labda ni mama yenu mkubwa, au ni mama mkwe. Vyovyote, Mungu amtunze.

Anwani ya Vitalis ni karakana ya kutengeneza friji, nyuma ya soko la Ilala. Mwite Fundi Durban, wote wanamjua.

Alpesh


Kilema, 23 Novemba 2002

Vitalis,

Mama yu hai.

Nimeiandika kwanza hiyo usije ukaichana barua kabla hujafika katikati. Mama yu hai, amekaa hapa jikoni, ananiuliza nimefika wapi. Alichoandikiwa wewe ni uongo. Aliyeuandika unamjua na mimi namjua, na leo sina maneno juu yake, nikianza nitalia na barua italowa.

Nilitaka kumficha mama. Nikashindwa, maana ananisoma uso kuliko mimi ninavyosoma kitabu. Nilipomsomea ile barua aliisukuma chai pembeni. Halafu akaniuliza, "Ameandika nilikufa kwa ugonjwa gani?" Nikasema hakuandika. Akasema, "Hata hilo hakujisumbua."

Ukitaka kuhakikisha, anasema hivi: mwaka ule ulipoangusha chungu cha mbege, pombe ya ubatizo wa binamu yako, ni yeye aliyesema amekiangusha mwenyewe, na baba alimnunia wiki nzima. Hakuna mwingine anayejua. Mimi mwenyewe nimejua leo.

Kikao cha ukoo ni tarehe 27 Desemba. Usipoonekana, kihamba chako kinakwenda na nyumba aliyozaliwa kila mmoja wetu inabomolewa. Lakini hata hilo liache. Njoo kwa sababu anakuita. Bwana Alpesh atakuletea barua hii mkononi, ameapa. Nilipomwambia kwa simu ya mkuu wa shule kwamba mama hajafa, alinitaka nirudie mara mbili.

Dada yako,
Mektilda


Ilala, 28 Novemba 2002

Dada Mektilda,

Shikamoo. Bwana Alpesh aliniletea barua yako karakanani, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nimeisoma nikiwa nimeshika bisibisi. Sikumbuki niliiweka wapi, na friji ya watu bado iko wazi.

Mimi nilirudi Bongo mwaka 1997, dada. Nilirudishwa. Nilishuka bila begi. Nilijiambia nitakuja nyumbani nikipata viatu vizuri, nikapata viatu, nikajiambia nikipata kitu cha kumletea mama. Ndivyo miaka ilivyopita. Baba alipofariki nilisikia kwa mtu sokoni, wiki tatu zimepita. Duka la kaka nimepita mbele yake mara nyingi sana. Siku moja alinitazama usoni akanikaribisha: "Karibu mteja, cherehani, nyuzi, vipuri." Nikaenda zangu.

Kile kidirisha kilinitokea kafe, nilikuwa natafuta habari za kompresa. Nilikifunga mara tatu nikidhani ni mambo ya kuuziana simu. Kikarudi tena. Mara ya nne nikaona jina la baba. Nililia pale pale kwenye kiti, mwenye kafe akanisamehe dakika zangu.

Halafu likaja jibu la kaka. Nilikwenda kanisani nikatoa nia ya misa kwa roho ya mama, Jumapili mbili. Padri alilisoma jina lake na ya marehemu wengine, na mimi niliitikia. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea, dada. Hilo ndilo linalonitia hasira, kwamba alinifanya nianze kuzoea.

Sitaki ugomvi wa kihamba. Lakini nakuja. Nitapanda basi wiki ya pili ya Desemba, kabla nauli hazijapanda. Mwambie mama sina kitu.

Vitalis


Kariakoo, 9 Desemba 2002

Baba Mdogo Melkiori,

Shikamoo. Ni mimi Polycarp. Mektilda hajanijibu tangu mwezi uliopita, nadhani amenuna, unamjua. Kwa hiyo naleta kwako moja kwa moja.

Ili kikao kisitumie muda mrefu watu wakiwa na njaa ya Krismasi, naandika tamko langu mapema, ulisome mbele ya ukoo. Mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu Prosper, nimemtafuta ndugu yangu Vitalis kwa uwezo wangu wote. Nimemtangaza mbele ya watu elfu kumi, mia tano na tatu, ushahidi unao wewe mwenyewe. Hakuitika. Sina kinyongo naye, na kama amekwisha kufa namwombea pumziko.

Beberu nitanunua Himo njiani. Msalimie mama, mwambie mwaka huu namletea blanketi zito.

Mwanao,
Polycarp


Kilema, 15 Desemba 2002

Polycarp,

Anayeandika ni Mektilda, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyalainisha.

Vitalis amefika Jumatano. Alisimama kwenye ua hakuingia. Nilitoka na mkongojo wangu, nikamwona ananitazama kama mtu anayetazama mzimu, nikajua kweli uliniua. Kusimuliwa kifo chako ni tofauti na kukiona kwenye macho ya mtoto wako. Alinishika mkono akaufinya, akaufinya tena. Ilibidi nimwambie, inatosha, unaniumiza. Ndipo akalia.

Melkiori alikuja jana na karatasi yako ya pili. Vitalis alikuwa amekaa pembeni yake anakula kiburu changu cha ndizi na maharage, na Melkiori anamsomea kwamba hakuitika. Mzee wa watu aliishusha miwani akakosa pa kuweka macho. Nimemwambia palitokea makosa ya mitambo. Ni uongo wangu wa kwanza kwake katika miaka sitini, na nimeusema kwa ajili yako. Ile barua uliyomtumia mdogo wako ninayo mimi. Wanaoijua ni sisi watatu hapa, na yule kijana wa Kihindi, ambaye ameniandikia kuomba radhi kana kwamba yeye ndiye mwanangu. Haitasomwa kikaoni. Kikao chenyewe hakina kazi tena, mwenye kihamba yupo.

Mektilda amenisomea pia barua yako ya Kinondoni. Nimeirudisha mara tatu, asome tena. Mwaka 1992 ulipotaka kuuza kihamba chako baba yako alikataa. Niliyemwomba usiku na mchana mpaka akakubali ni mimi. Ungekuja ukaniambia, mama, naogopa kuzikwa mjini, nisingekucheka. Ningekwenda kwa Melkiori siku ile ile, hata na goti hili. Juzi nimemuuliza Vitalis kama atakupa mahali. Amesema atakupa, na hakunitajia hata mara moja ulichomfanyia. Kwa hiyo kaburi unalo. Lala usingizi.

Mimi ndiye sina usingizi. Najiuliza, ulipokuwa unamsomea yule kijana maneno apige chapa, ulipofika pale pa kusema nimekufa, ulisita? Hata kidogo? Nilikuwa nimekutumia ndizi wiki ile.

Krismasi uje. Usipokuja watu watauliza, nami nimechoka kudanganya. Utaingia kama kila mwaka, wanao nyuma yako, na mbele ya watu wote utainama na kuniambia, "Shikamoo mama." Tangu ujue kusema sijawahi kukunyima marahaba. Safari hii sijui kama itatoka. Nimejaribu jana peke yangu jikoni, nikikufikiria, haikutoka.

Lakini uje. Nitajaribu tena ukiwa mbele yangu.

Mama yako,
Eufrazia